Taa tuliziona, waliowasha hatukuwauliza majina

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwataje watu ambao sisi mabaharia tuna deni lao: walinzi wa minara ya taa visiwani, pamoja na wake zao na watoto wao. Sijawahi kusikia wakikumbukwa katika hotuba yoyote ya mambo ya bahari, na nimehudhuria hotuba nyingi.

Nimefanya kazi ya bahari miaka ishirini na sita, mingi yake katika meli ndogo za mizigo kati ya Tanga, Dar es Salaam, Mafia na Mtwara. Wakati ule hatukuwa na simu ya kutuonyesha tulipo. Usiku, unatoka kusini, mvua ya masika imefunga pande zote, unachongoja ni taa. Kila taa ina mwako wake. Hii inamulika mara moja na kunyamaza, ile inamulika mara mbili, na baharia anahesabu kimoyomoyo kati ya mwako na mwako mpaka ajue yuko wapi. Ukiiona ya Makatumbe ya Nje, kisiwa kilicho mbele ya bandari ya Dar es Salaam, pumzi zinashuka, maana umefika nyumbani. Umebakiwa na ule mlango mwembamba wa bandari, pale Magogoni. Nimezihesabu taa hizo mara zisizo na idadi, lakini sikumbuki hata usiku mmoja niliojiuliza nani alizilea, na alikuwa anakula nini huko.

Aliyenifumbua macho ni jirani yangu hapa Kigamboni, bibi aliyepita miaka themanini. Hataki jina lake liandikwe, na kisiwa chao nacho ameniomba nisikitaje. Nimekubali. Baba yake alikuwa mlinzi wa taa tangu enzi za Mwingereza, naye alilelewa kisiwani mpaka alipovushwa bara kwa shangazi yake akasome.

Siku moja nilimwuliza, "Bi mkubwa, mliishije huko?"

Akanijibu, "Kwa kungoja mashua, mwanangu."

Mashua ndiyo iliyoleta unga, mchele, mafuta ya taa, sabuni, na barua kama ipo. Wakati wa kaskazi ilifika kwa siku yake. Kusi likichachamaa, wiki tatu zilipita bila tanga kuonekana. Kisiwa chenyewe ni jiwe la matumbawe, hakichimbiki kisima. Maji ya kunywa yalikingwa mvua ikinyesha, yakawekwa kwenye tangi, na ufunguo wa tangi alikaa nao mama. Kuoga na kufua ni maji ya chumvi. Mtoto akivunja sahani alisamehewa. Akimwaga kata ya maji alichapwa. Samaki hawakukosa, na maji yakipwa walichokoa pweza mwambani. Kilichokuwa adimu ni mboga ya majani. Mama yake alipanda mchicha ndani ya madebe, kwa udongo aliouagizia mashuani, na mmoja wa watoto alikuwa na kazi maalumu ya kuwafukuza kuku.

Wengi hudhani kazi ya mlinzi ilikuwa kuwasha taa na kulala. Nami nilidhani hivyo. Lenzi za minara, za aina aliyoibuni Mfaransa Augustin Fresnel katika miaka ya 1820, ni vipande vya vioo vilivyopangwa kuizunguka taa ili nuru yake ikusanywe na kurushwa mbali baharini. Vioo hivyo havivumilii masizi. Kila asubuhi vilifutwa kimoja kimoja, kisha mapazia yakashushwa, kwa sababu jua la mchana likipenya kwenye lenzi laweza kuwasha moto chumbani. Lenzi yao ilizungushwa na mtambo kama wa saa ya ukutani, unaovutwa na uzito unaoteremka taratibu ndani ya mnara. Uzito ukifika chini lazima upandishwe tena, hivyo hivyo mpaka alfajiri. Baba akiugua, mama ndiye aliyepanda. Bibi anamkumbuka mama yake ana mimba kubwa, kajifunga kanga kiunoni, anapanda ngazi na kibuyu cha mafuta, akipumzika kila baada ya ngazi kumi. Mshahara ulikuwa wa mtu mmoja. Hilo nalitamka wazi kwa sababu naamini ilikuwa dhuluma, hata kama ndiyo ilikuwa desturi ya wakati ule.

Kuna habari moja ambayo alinisimulia mara moja tu. Msimu wa kusi, mdogo wake wa kiume alipata homa. Dawa zilizokuwapo hazikumsaidia. Wavuvi waliokuwa wamejificha upepo nyuma ya kisiwa wakakubali kumvusha mama na mtoto kwa ngalawa. Baba hakuweza kwenda, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kushika taa ila bintiye wa miaka saba. Mama akafikia kwa ndugu zake, kijiji cha pwani kinachotazamana na kisiwa. Kila jioni alitoka kwenda ufukweni kutazama. Taa ikiwaka, alijua mume na binti ni wazima. Lakini upande wa pili hapakuwa na taa ya kumjulisha mume chochote. Mtoto alifariki siku ya nne, akazikwa bara. Bahari iliporuhusu mashua kutoka, ilikuwa siku ya kumi na moja, na baba akayajua hayo kutoka kwa nahodha, amesimama ndani ya maji mpaka magotini kupokea magunia.

Taa haikukosa kuwaka hata usiku mmoja katika siku hizo.

Nilipotoka kwake jioni ile nilikaa kwenye pantoni na kutazama nje, kuelekea visiwani, na niliona haya. Huenda nisingekuwa hai leo bila watu kama yule baba.

Najua kwa nini wamesahauliwa. Mtambo ulichukua nafasi yao kidogo kidogo, bila kishindo. Mnara wa Chumbe, kusini ya mji wa Unguja, ulijengwa mwaka 1904, na mwaka 1926 ulikuwa tayari umebadilishwa kuwa wa gesi. Taa za gesi zilikuwa zimepata kifaa cha Mswidi Gustaf Dalén kinachoweza kufunga gesi jua likichomoza na kuifungua likizama, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1912. Baadaye ukaja umeme wa jua. Mahali pengi duniani mlinzi akawa wa kutembelea tu, kisha akawa hahitajiki. Sina ugomvi na maendeleo hayo. Hakuna mtoto anayepaswa kufa kwa sababu baba yake amefungwa na utambi.

Ofisi nazo zilibadilika. Bandari na taa zetu zilikuwa chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lililoanza mwaka 1948. Mwaka 1969 bandari zikapewa shirika lake, makao makuu hapa Dar es Salaam. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 tukaunda mamlaka yetu ya bandari, na tangu 2005 tuna TPA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania. Jina la mtu wa ngazi ya chini, aliyekaa kisiwani na kupokea mshahara wake kwa mashua, likihamishwa kabati hadi kabati namna hiyo ni rahisi kudondoka njiani. Ndiyo maana siamini kwamba mafaili peke yake yatatosha. Kinachohitajika ni vinywa vya wazee, na wazee hao wanaondoka.

Chumbe wamefanya jambo la kuigwa. Magofu ya nyumba ya mlinzi yaligeuzwa kuwa kituo cha kupokelea wageni na kufundishia wanafunzi habari za matumbawe, na ule msikiti mdogo wa zamani bado umesimama karibu na mnara. Ukiuona msikiti unaelewa kwamba hapa palikuwa na watu, waliswali, walifunga, walingoja mwezi wa Idi uonekane kwao kwanza. Vipi Ras Mkumbi kule Mafia, mnara wa tangu enzi za Wajerumani? Vipi ule wa chuma wa Ras Kigomasha, Pemba, na wa Ulenge pale Tanga? Watalii wanapiga picha mnara, wanashuka, wanaondoka. Aliyeupanda kila usiku hatajwi.

Wamarekani wana binti anayeitwa Abbie Burgess. Januari 1856, akiwa na miaka 16, baba yake alivuka kwenda kutafuta mahitaji na dhoruba ikamzuia kurudi. Binti akawasha taa za Matinicus Rock, huko Maine, kwa wiki kadhaa, huku akimuuguza mama na kuwatunza wadogo zake. Leo kuna meli ya walinzi wa pwani yao yenye jina lake. Nafurahi kwa ajili yake. Ila na mimi ninaye wa kwangu, anaishi nyumba ya tatu kutoka kwangu, na akiwa na miaka saba alimshikia baba yake kandili usiku kumi na moja mfululizo.

Kwa hiyo nakuomba, Ndugu Mhariri, ufungue nafasi katika gazeti hili, hata robo ukurasa kwa wiki, familia za walinzi wa taa zisimulie. Naziomba pia TPA, Shirika la Bandari Zanzibar na Makumbusho ya Taifa zikubaliane kuweka ubao wa majina chini ya kila mnara, hata kama ni majina mawili matatu yaliyopatikana. Wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanaotafuta mada ya utafiti waje Kigamboni, nitawapeleka mwenyewe kwa wazee watakaokubali kusema. Msomaji mwenye picha, barua au sare ya mzee wake, asiichome wakati wa kuhama nyumba.

Bibi ana daftari ambalo baba yake aliandika kwa penseli, limeliwa na mchwa pembeni. Alinionyesha ukurasa wa siku ile ya kumi na moja. Umeandikwa: kuwasha saa 12:20 jioni, kuzima saa 12:35 asubuhi, upepo wa kusi, mawingu kiasi, mashua imefika. Amekubali lipigwe picha, kwa sharti kwamba daftari lenyewe lisitoke ndani ya nyumba yake.

Wako,
Baharia mstaafu,
Kigamboni, Dar es Salaam