Kabureta isiguswe kabla ya taimingi

Mhariri,

Bado zipo Land Rover 109 na Land Cruiser za injini ya 2F zinazobeba tumbaku, mbao na asali huku Sikonge, Urambo na Kaliua. Wenye magari hayo wanaingia hasara moja kila siku. Gari likikosa nguvu, likila mafuta au likikataa kushika sailensa (kuunguruma polepole bila kukanyagwa mafuta), fundi anashika bisibisi na kuzungusha skrubu za kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, kwa kuwa ndizo zilizo karibu na mkono. Kabureta ni kazi ya mwisho. Kabla yake zipo valvu (milango ya kuingiza hewa na petroli na kutoa moshi), pointi za distributa (swichi ndogo inayofunguka ili plagi itoe moto) na taimingi (wakati plagi inapotoa moto), kwa mpangilio huohuo.

Valvu nazitaja kwa ufupi. Petroli yenye madini ya risasi iliondolewa katika nchi zetu za kusini mwa Sahara kufikia 2006, na risasi ile ndiyo iliyokuwa ikilinda viti vya valvu za ekzosi kwenye injini hizi. Kiti kikiliwa, valvu inazama na nafasi yake, yaani uwazi kati yake na mkono unaoisukuma, inakwisha. Kwa 2F pima injini ikiwa ya moto: 0.20 mm kuingiza, 0.35 mm kutoa. Land Rover ya lita 2.25 ni 0.25 mm zote. Valvu isiyofunga vizuri hakuna kabureta itakayoiponya.

Kwenye pointi ndiko kuna mambo. 2F inataka mwanya wa 0.45 mm, Land Rover kati ya 0.35 na 0.40, na fila geji (kibamba chembamba cha kupimia mwanya) ipitishwe kisigino cha pointi kikiwa juu kabisa ya nundu ya kamu, mhimili wa distributa unaozifungua pointi. Kisigino kinapolika, mwanya unapungua na pointi zinachelewa kufunguka, hivyo moto nao unachelewa. Ndiyo sababu ukigusa pointi ni lazima upange taimingi upya. Anayebadilisha pointi na kufunga kifuniko amefanya nusu ya kazi. Paka grisi kidogo sana kwenye kamu, na pointi mpya zifute kwa petroli kwanza kuondoa mafuta ya kiwandani. Zikiungua upesi, shuku kondensa (inayozuia cheche kwenye pointi), au koili (inayokuza umeme wa plagi). Koili ya omu 1.5 imetengenezwa kufanya kazi pamoja na rezista, kipunguza umeme. Ukiifunga bila rezista, umeme unazidi na pointi hazimalizi safari. Tikisa pia shafti ya distributa kwa pembeni. Ikicheza, mwanya unabadilika kila nundu, na hapo unahitaji bushi, si pointi nyingine.

Sasa taimingi. Kuipanga kwa sikio, yaani kuzungusha distributa mpaka injini ilie kwa kasi zaidi, ni kosa, kwa sababu injini isiyo na mzigo hupenda moto uliowahi kupita kiasi. Ukipakia magunia, inaanza kugonga. Tumia balbu ya volti 12 yenye wati 5. Zungusha injini hadi silinda namba 1 iwe kwenye mgandamizo na alama ikae mahali pake. Kwa 2F alama ni kigololi cha chuma kwenye flaiwili (gurudumu zito nyuma ya injini), kinachoonekana kwenye kidirisha cha kava ya klachi, nacho ni nyuzi 7 kabla ya pistoni kufika juu. Kwa Land Rover fuata kitabu cha injini yako, maana ya mgandamizo wa 7:1 na ya 8:1 hazilingani. Unganisha balbu kati ya waya wa koili unaokwenda distributa na bodi, washa swichi, legeza distributa, izungushe kufuata mzunguko wa rota iliyo ndani yake mpaka balbu izime, kisha irudishe taratibu. Pale tu balbu inapowaka, kaza. Mwenye taa ya taimingi akumbuke kuchomoa mpira wa vakyumu (bomba la mvuto wa hewa linaloingia distributa) na kuuziba, injini ikiwa kwenye sailensa.

Moto ukiwahi mno, hendeli ya kuwashia Land Rover inarudi kwa nguvu na inaweza kukuvunja mkono. Ukichelewa, gari linachemsha, ekzosi inakuwa nyekundu na mafuta yanakwisha njiani. Kuchelewa huku ndiko kunakosingiziwa kabureta.

Hapo sasa fungua kabureta. Jeti (vitundu vya kupitishia petroli) zisafishwe kwa upepo, kamwe si kwa waya; shaba ni laini na tundu likipanuka halirudi. Kwenye kabureta ya 2F, petroli ikae katikati ya kidirisha cha kioo. Kabureta ya Zenith 36IV ya Land Rover ina ugonjwa wake: kifuniko kinapinda na mpira mdogo wa mviringo ulio chini yake unakufa, injini inamwagiwa mafuta hata skrubu ikifungwa. Sawazisha uso wake kwa msasa laini juu ya kioo, weka mpira mpya. Skrubu ya hewa ifunge polepole bila kukaza, ifungue mizunguko miwili, kisha injini ikiwa ya moto tafuta mahali inapozunguka haraka na kwa utulivu, ndipo urekebishe sailensa iwe mizunguko 650 hivi kwa dakika.

Jambo la mwisho ni mwinuko. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, Kigoma ziwani ni karibu 770. Gari lililopangwa Dar es Salaam likifika Tabora linapata hewa pungufu, petroli inazidi na plagi zinakuwa nyeusi. Huku taimingi inavumilia kuwahishwa nyuzi 2 hivi. Lakini anayeshuka Kigoma kisha kupanda milima ya Manyovu na mzigo asikilize kwenye gia ya tatu: likigonga, nyuzi hizo azirudishe hapohapo.

Fundi wa injini za petroli,
Isevya, Tabora