Hiyo "l" ya sahauliwa imetoka wapi?

Mhariri,

Miaka yote nimesoma gazeti lako kimya. Makala ya Jumapili iliyopita, ile ya Kiswahili kuwa "mtoto wa ndoa ya Kiarabu na Kibantu", imenishinda. Mwandishi wako kahesabu maneno ya Kiarabu kwenye kamusi, kakuta ni mengi, kafunga hesabu. Kwa mizani hiyo Kiajemi nacho ni Kiarabu, na Kiingereza ni Kifaransa tangu 1066, Wanormani wa Ufaransa walipoiteka Uingereza.

Maneno huazimwa kama sufuria. Ukoo wa lugha hutafutwa kwenye sarufi. Chukua "Mawaziri walisafiri kuhudhuria mahafali." Maneno yote manne asili yake Kiarabu. Ondoa ma-, wa-, -li- na ku-, ubaki na "waziri safiri hudhuria mahafali". Hujui tena ni waziri mmoja au kumi, wala kama wameshaondoka.

Au tazama kitenzi zaa. Kwa Kiganda ni zaala. Kiswahili kiliidondosha l iliyokaa kati ya irabu, lakini ukinyambua inarudi: zaliwa, zalisha. Ndivyo ilivyo kwa fungua na funguliwa, kaa na kalia. Sasa sahau ni neno la Kiarabu, na huko kwao halina l yoyote. Mbona twasema sahauliwa na sahaulika? Kwa sababu lilipoingia lilivishwa sare ya wenyeji, likarithishwa hata l ambayo halikuwahi kuipoteza! Kitabu nacho, ile ki- ni sehemu ya neno lenyewe la Kiarabu. Sisi tukaisikia kama ya kiti, tukapata vitabu. Hiyo ndiyo ndoa anayoisema? Mimi naona mgeni aliyepewa jembe siku ya tatu.

Halafu ameshikilia sita, saba na tisa, zilizotoka Kiarabu, kama askari aliyeokota kisu chenye damu. Moja hadi tano, nane na kumi, ambazo ni za Kibantu, kazipita kimya. Tisa yetu ya zamani ni kenda, na iko wazi kabisa katika jina Mijikenda, yaani miji tisa. Sita ilikuwa tandatu. Saba imejificha ndani ya fungate, zile siku saba za maharusi. Ndugu wa Kiswahili ni Kimijikenda, Kipokomo, Kingazija na wenzao wa kundi la Sabaki katika lugha za Kibantu, na hakuna hata mmoja aliyetajwa katika makala nzima. Jina ndilo la Kiarabu, sawahil, wingi wa sahil, pwani. Kumwita mtoto Juma hakumfanyi kuwa siku.

Matokeo ya elimu hii nimeyaona wiki hii kwenye daftari la mtoto wa darasa la tano. Kaandika "sijibu", mwalimu kakata kwa wino mwekundu na kusahihisha "sijibi". Katika ukanushi wa wakati uliopo, a ya mwisho ndiyo hugeuka i: sisomi, halimi. Jibu, samehe na fikiri haziishii na a, kwa hiyo haziguswi: sijibu, hasamehe, hatufikiri.

Na hayo "masaa" yenu ya kila ukurasa! Saa haina haja ya ma-. Yananiudhi, ingawa nakiri ni kazi ileile iliyotupa vitabu na vipilefti (kutoka "keep left" ya Kiingereza), na siwezi kuisifu mlangoni nikailaani dirishani. Lakini mngeandika saa, wino ungepungua.

Ninachoomba ni kidogo. Jumapili ijayo chapisheni habari kuu ya ukurasa wa kwanza bila kiambishi hata kimoja, mashina matupu. Wasomaji wakipiga simu kuuliza nani kamfanyia nani nini, na lini, mpeni simu mwandishi wa makala ile awajibu.

Msomaji wa siku nyingi,
Tanga