Barua kuhusu dampo lililonyamaza

Dodoma

Mpendwa Neema,

Salamu nyingi. Huku jua la kabla ya mvua linawaka kama kawaida. Unauliza kama dampo lenu la zamani, kwa kuwa halitoi tena gesi, linaweza kuachwa bila kupimwa. Kwa vipimo ulivyonitumia, bado.

Vijidudu vinavyotengeneza methani, ile gesi ya dampo, vinahitaji unyevu, na kanda yetu hupata mvua ya milimita 600 hivi kwa mwaka. Taka zikikauka haziozi, zinabaki kama ng'onda. Huko Arizona, Marekani, mwanaakiolojia William Rathje na wenzake walifukua madampo wakakuta magazeti ya miongo iliyopita bado yanasomeka. Toboeni mashimo mawili matatu hadi katikati ya taka. Mkitoa karatasi inayosomeka, mjadala umekwisha: taka zimekauka tu, hazijamaliza kuoza.

Gesi ipimwe tena Machi, tena alasiri. Mgandamizo wa hewa huku kwetu hupanda hadi kama saa nne asubuhi, kisha hushuka mpaka saa kumi jioni. Ukipima unapopanda, hewa ya nje huingia ardhini na mashine inakupa sifuri ya uongo. Tazama na oksijeni: ikikaribia asilimia 21, hujapima dampo, umepima valvu inayovuja. Methani hulipuka ikifika asilimia 5 hadi 15 hewani, kwa hiyo kibanda cha mlinzi kisisahaulike.

Chemba ya majimaji ya taka kuwa tupu si matokeo mazuri. Ni kukosa matokeo. Kwenye visima vya kupimia maji ya ardhini, toeni kwanza maji mara tatu ya ujazo wa kisima, ndipo mchukue sampuli. Linganisheni kloraidi, chumvi inayotoka na majimaji ya taka, ya kisima cha juu (upande maji ya ardhini yanakotoka) na cha chini (yanakoelekea), maana kloraidi haiozi wala hainaswi na udongo.

Ile miaka 30 ya kuangalia dampo baada ya kufungwa, ya Marekani na Ulaya, msiinakili. Kumbukumbu za visima vya Makutupora, hapa Dodoma, zinaonyesha maji ya ardhini hujazwa zaidi na misimu michache ya mvua kubwa, kama ya El Niño ya 1997/98. Msimu wa namna hiyo ndio mtihani. Dampo likiupita, na miaka miwili baadaye gesi na kloraidi havijapanda, punguzeni vipimo: kutoka kila robo mwaka hadi nusu, kisha mara moja kwa mwaka. Kifuniko kikaguliwe kila baada ya masika, na nyufa msizibe kwa udongo wa mbuga, ule mweusi wa mfinyanzi. Ukikauka unapasuka upya.

Nitumie kloraidi ya Aprili, ya visima vyote viwili. Wasalimie nyumbani.

Wako,
Chiku