Katekisimu Ndogo ianzie nyumbani

Wapendwa wazazi na walimu wa kipaimara, Bwana Yesu asifiwe.

Tunapojiandaa kuanza darasa jipya, naomba tukumbuke kwamba mwanamatengenezo wa Kanisa Martin Luther alipotoa Katekisimu Ndogo, kijitabu cha mafundisho ya msingi ya imani kwa maswali na majibu, mwaka 1529, baada ya kuzikagua sharika za Saxony huko Ujerumani na kuhuzunishwa na jinsi watu walivyokosa hata mafundisho ya msingi, aliandika kwenye vichwa vya sehemu zake kuu kwamba mkuu wa nyumba ndiye awafundishe hayo watu wa nyumbani mwake kwa njia rahisi. Mchungaji na mwalimu husaidia, lakini hawawezi kushika nafasi ya mzazi anayesali na mtoto wake kila jioni.

Kwa hiyo wiki hii kila nyumba isome Amri ya Kwanza pamoja na maelezo yake, kisha mtoto aulizwe, "Maana yake ni nini?", na aachwe ajibu kwa maneno yake mwenyewe kabla ya kukariri. Kukariri ni kuzuri, nami nakutetea kabisa, ila mtoto asiyeruhusiwa kuuliza husahau upesi. Sala za asubuhi na jioni zimo humo humo katika Katekisimu. Ubatizo na Chakula cha Bwana tutavifikia baadaye darasani.