Icheke timu, shabiki wake mwachie heshima yake

Mhariri,

Mimi ni shabiki wa Liverpool tangu fainali ya Istanbul mwaka 2005, ile ambayo tulikwenda mapumziko tukiwa tumeshafungwa tatu bila na AC Milan, tukarudisha zote na kuchukua kombe kwa penalti. Leo naandika kuwatetea mashabiki wa Manchester United. Wenzangu wa Liverpool wataguna, najua, lakini jambo hili limenikaa kooni muda mrefu na sitaki kulimeza tena.

United walimaliza msimu wa 2024/25 wakiwa nafasi ya 15, pointi 42. Fainali ya Ligi ya Europa wakaipoteza kule Bilbao kwa bao moja la Tottenham, timu iliyokuwa chini yao hata kwenye msimamo wa ligi. Tangu wakati huo ukurasa wako wa ujumbe wa mashabiki umegeuka sura. Zamani tulikuwa tunasoma nani kakosa penalti, kocha kampanga nani na kwa nini, beki gani kapigwa chenga mpaka akakaa chini. Siku hizi shabiki wa United anaitwa mjinga, anaitwa mtu asiye na haya, anaulizwa mama yake alimlea vipi. Umewahi hata kuchapa ujumbe uliofanya kichekesho cha wachezaji wa United waliokufa kwa ajali ya ndege kule Munich, Ujerumani, mwaka 1958. Niliusoma mara mbili nikidhani macho yananidanganya.

Kwangu mimi mambo haya yameingia ndani ya nyumba. Mwanangu ana miaka 13 na ni United. Alimfuata mjomba wake, kaka yangu, ambaye enzi za kocha wao Sir Alex Ferguson alikuwa hashikiki kwa majigambo. Ubingwa wa mwisho wa ligi United waliupata mwaka 2013, mtoto akiwa bado wa kubebwa. Kwa hiyo makombe yote kayasikia kwa mjomba, na kejeli zote kazipokea yeye. Agosti 2025 United walitolewa Kombe la Ligi na Grimsby Town, timu ya daraja la nne, kwa penalti 12 kwa 11. Aliiangalia yote mpaka penalti ya mwisho, hakutaka kuondoka.

Kesho yake shuleni wakamchomoa jezi kwenye begi wakafutia ubao. Alirudi nayo nyeupe kwa vumbi la chaki, huwezi kusoma hata namba mgongoni. Hakulia. Aliiloweka mwenyewe, akaisugua kola kwa vidole, akaianika, na ilipokauka akaikunja na kuiweka chini kabisa, chini ya nguo zake zote. Nilipomuuliza alinijibu, "Mama, kwani mimi ndiye niliyekosa penalti?" Na kijana aliyeongoza kundi lile, Mhariri, alikuwa na nembo ya timu yangu kwenye begi lake.

Nisieleweke vibaya. Mpira bila watani wa jadi ni mchezo mkavu, na mimi nimetaniwa kuliko wengi wanaotuma ujumbe kwako. Liverpool tulikaa miaka 30 bila ubingwa wa ligi, kuanzia 1990 hadi 2020. Kila Agosti kaka yangu alikuwa ananipigia simu kuniuliza, kwa sauti ya upole kabisa, kama mwaka huu ndio wetu. Tarehe 27 Aprili 2014 Steven Gerrard aliteleza mbele ya Demba Ba, mshambuliaji wa Chelsea, wakatufunga mbili bila pale kwetu Anfield, na ubingwa tuliokuwa tumeuotea ukaishia Manchester City. Mpaka leo sijapata sherehe ya familia ambayo kaka hakuigiza ule mtelezo mbele ya wageni. Ni haki yake. Nahodha wetu aliteleza kweli, bao likaingia kweli, na mimi nikibishana naye nabishana kuhusu mpira. Lakini katika miaka yote hiyo hajawahi hata siku moja kunitajia Hillsborough.

Hillsborough ni uwanja ulioko Sheffield. Tarehe 15 Aprili 1989 mashabiki wa Liverpool waliokwenda kuangalia nusu fainali ya Kombe la FA walibanwa kwenye jukwaa la nyuma ya goli, na waliokufa kutokana na siku ile ni 97. Mdogo wao alikuwa mtoto wa miaka 10. Ndege iliyowabeba United kutoka Munich ilianguka tarehe 6 Februari 1958, wakafa watu 23, wanane wao wachezaji. Kocha aliyenusurika pale, Matt Busby, aliwahi kuchezea Liverpool, na kabla ya hapo alichezea Manchester City. Mmoja wa waandishi wa habari waliokufa ni Frank Swift, aliyekuwa golikipa wa City. Anayeimba kuhusu Munich ili kuwaumiza United hajui kwamba anawaimba na wa kwao. Na upande wa United wamo wa namna hiyo pia: kwenye fainali ya Kombe la FA mwaka 2023 mtu mmoja aliingia uwanja wa Wembley na jezi yenye namba 97 na maneno ya kuwakejeli marehemu wetu. Mahakama ilimfungia kuingia viwanjani miaka minne. Ilistahili.

Nikisema hivi huambiwa nataka kuua ushindani. Basi wanaodhani hivyo waitazame Manchester yenyewe.

Tarehe 27 Aprili 1974 United walikuwa wanashuka daraja, na siku hiyo walicheza na City nyumbani kwao Old Trafford. Denis Law, aliyeifungia United mabao 237 na kupata Mpira wa Dhahabu wa mwaka 1964 akiwa kwao, sasa alikuwa amevaa jezi ya City. Dakika ya 81 mpira ukamkuta mgongo kwa goli, akaugusa kwa kisigino, ukaingia. Mchezaji wa kawaida angekimbia uwanja mzima. Law hakunyanyua hata mkono. Wenzake walikuja kumpongeza, yeye uso ukiwa chini, akatolewa papo hapo na kutembea kuelekea benchi kama mtu aliyetoka msibani. Matokeo ya viwanja vingine yalionyesha baadaye kwamba United wangeshuka hata bila bao lile. Wakati ule yeye hakulijua hilo. Alichojua ni kwamba timu iliyokuwa inazama mbele yake ilikuwa na watu ndani yake, na kazi yake ya kufunga alikuwa ameshaimaliza. Law alifariki Januari 2025, na mpaka leo mashabiki wa pande zote mbili wanasimulia alivyotembea siku ile kuliko bao lenyewe.

City hawakushinda tena Old Trafford kwenye ligi mpaka tarehe 10 Februari 2008. Mechi hiyo ilitumika kuadhimisha miaka 50 ya Munich, iliyotimia siku nne kabla, na kabla ya mechi watu wengi walikuwa na hofu kwamba mashabiki wa City wangevuruga dakika moja ya kimya. Kulikuwa na waliopendekeza watu wapige makofi badala ya kunyamaza, ili kelele zisisikike. Mwisho wakaachwa wanyamaze. United waliingia na jezi za mtindo wa 1958, hazina mdhamini kifuani, mgongoni namba moja hadi kumi na moja. Filimbi ikalia, na jukwaa la City likanyamaza, wamesimama, skafu za bluu na nyeupe zimenyanyuliwa juu. Filimbi ya pili ikalia, zikaanza kelele za kawaida za watani, na City wakashinda mbili kwa moja, Darius Vassell bao moja na Benjani wa Zimbabwe bao la pili. Waliwaheshimu wafu wa United, kisha wakawapiga kwao. Hakuna shabiki wa City aliyerudi nyumbani akisema ile dakika moja ilimpunguzia raha ya ushindi.

Na United nao walikuwa na bango lao pale Old Trafford, kwenye jukwaa la Stretford End, lenye tarakimu zinazobadilishwa kila mwaka, kuhesabu miaka City waliyokaa bila kombe tangu 1976. Bango lile mimi nililipenda, nasema bila kificho. Lilikuwa linahesabu makombe tu, na City wenyewe ndio waliokuwa na dawa yake. Mwaka 2011, tarakimu zikiwa 35, City wakatwaa Kombe la FA na bango likateremshwa. Baada ya hapo City wamechukua ligi mara nne mfululizo, kuanzia 2021 hadi 2024, na United ndio hawa tunaowasema. Utani wa namna ile nauombea udumu.

Mwezi Mei 2025 sisi tulikuwa tunasherehekea ubingwa wetu wa 20, tukalingana na United. Nilimtambia kaka yangu mpaka akazima simu. Tarehe 3 Julai mwaka huohuo mchezaji wetu Diogo Jota akafa kwa ajali ya gari huko Hispania, yeye na mdogo wake, siku chache tu tangu afunge ndoa. Wa kwanza kunipigia alikuwa kaka. Alisema, "Pole sana, dada yangu," kisha akakaa kimya kwenye simu, nami nikalia nikiwa nimeishikilia tu. Hakuwa na sababu yoyote ya kimpira ya kunipigia. Nawaza mtu anayetuma ujumbe wa Munich kwenye ukurasa wako angenipigia kuniambia nini.

Sasa ombi langu, Mhariri. Ukurasa ule usiufunge, maana wengi tunaanza gazeti lako kutokea nyuma. Nakuomba tu yule anayechambua ujumbe kabla ya kuchapwa apewe maelekezo. Anayesema safu ya ulinzi ya United inapitika kama mlango ulio wazi, achapwe. Anayesema fedha za usajili zimetupwa, achapwe kwa herufi kubwa. Anayetukana mama za watu, anayetaja marehemu, anayewasema watoto kwa sababu ya jezi walizovaa, ujumbe wake uishie kwenye simu yake. Hata vichwa vya habari vya ukurasa ule vingeweza kupunguza ukali; neno "aibu" limetumika mno kwa timu iliyofungwa bao moja.

Na kwa wenzangu wa Liverpool: United wakija Anfield nataka tuwafunge nyingi, na tukitoka hapo tutambe wiki nzima. Wimbo wa Munich ukianza, popote tulipo tunaangalia mechi, asisubiriwe mtu wa United aje kuuzima. Azime aliyekaa karibu na aliyeuanzisha. Mimi nitakuwepo na mwanangu, kila mmoja na jezi yake, na nimeshamwahidi kwamba nikiusikia nitasimama.

Wako,
Mama wa kijana wa United, shabiki wa Liverpool