Mdogo wangu, usiuze hizo fimbo za gofu

Marahaba ya juzi usiku niliitikia ila nilikata simu roho inaniuma. Umesema unauza fimbo zote, begi na viatu juu, kisa pale uwanja wa Lugalo, tii ya kwanza (pale pa kuanzia kupiga), mpira umeenda kulia tena ukapotelea kwenye miti na wenzako wa kazini wanaangalia. Usiuze. Nakuandikia hapa hadharani maana haupo peke yako, wapo watu kibao wa ridhaa kama sisi wanalia na mpira huo huo wa kulia, na wengine nawajua mimi mwenyewe wameacha kabisa na walikuwa wanaupenda mchezo.

Kwanza nikuulize, hivi siku hizi unalenga wapi? Nilikuona mwezi uliopita, miguu kushoto, mabega kushoto, eti mpira ukikata urudi katikati ya feawei, ile njia ya majani mafupi. Nimefanya hivyo miaka miwili mizima na slaisi, yaani huko kukata kwenda kulia, ikawa inakua tu. Sababu ni hii, na naomba uisome taratibu: kwa sehemu kubwa mpira unaanza safari kuelekea pale uso wa fimbo (ule ubapa unaogonga mpira) unapoangalia, siyo pale fimbo inapopita. Walimu wengi wa zamani walifundisha kinyume chake mpaka zilipokuja rada za kupimia mpira ndo watu wakaona. Alafu kule kukata hewani kunatokana na uso na njia ya fimbo kupishana, yaani fimbo inapita kwenda kushoto huku uso umebaki wazi, mpira unazungushwa unaenda kulia. Sasa we ukizidi kugeukia kushoto ndo unazidi kuivuta fimbo kushoto, na ile tofauti inaongezeka, unakimbia slaisi huku unailisha. Na fimbo na mpira vinagusana kama nusu ya elfu moja ya sekunde tu, hakuna mtu wa kurekebisha kitu hapo, kila kitu kiwe kimeshakaa sawa kabla, na kinaanzia mkononi.

Aliyenionyesha hilo ni kedi mmoja mtu mzima, hawa wanaobeba begi la fimbo uwanjani. Wala hakutaka kuniona nikipiga, aliomba glavu yangu akaigeuza. Ilikuwa imetoboka pale chini ya kiganja upande wa kidole kidogo. Akaniambia fimbo inakutembea mkononi kwa sababu umeilaza kwenye kiganja, ilaze kwenye vidole. Basi. Nilikuwa nimeshanunua glavu sijui ngapi, nikidhani ngozi zake mbovu.

Fanya hivi leo hii sebuleni, mpira hauhitajiki. Mkono wa kushoto, mpini uupitishe kuanzia shina la kidole kidogo mpaka katikati ya kidole cha shahada, ndo ufunge kiganja juu yake. Ukiinamisha macho uone vifundo viwili vya vidole, kwa mtu wa slaisi kama we hata vitatu sawa. Mkono wa kulia nao uje kwa vidole, na ule mkunjo kati ya dole gumba na shahada uelekee bega lako la kulia. Usikabe, ukikaba mikono inakakamaa na uso haugeuki kurudi. Siku za mwanzo utajisikia vibaya sana na mipira mingine itakimbilia kushoto, ikienda kushoto furahi, maana yake uso umeanza kufunga.

La pili ni kushuka. We unashuka kama unapiga jembe, mabega yanatangulia na mikono inakuja kwa nje, sote tumelima shuleni na kufyeka majani kwahiyo mwili unajua hivyo tu. Chukua chupa tupu ya maji uisimamishe nyuma ya mpira kidogo, kwa upande wa nje, upande ule wa mbali na miguu yako. Piga na aeni 7, ile fimbo ya chuma ya kati, nusu swingi tu, yaani fimbo usiirudishe nyuma yote, ukiigonga chupa ujue umeshuka na jembe. Anza kushuka na kiuno na mguu wa kushoto, mikono ifuate, na usiongeze nguvu mpaka upige mipira hata kumi mfululizo chupa imesimama. Draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, iache kwenye begi wiki tatu. Najua inauma, lakini ndo fimbo inayoonyesha slaisi kuliko zote maana uso wake umesimama karibu wima, na wala usinunue nyingine mpya, hiyo hiyo inatosha.

Jumamosi ntakupitia saa kumi na mbili asubuhi jua halijawa kali, twende tukapige ndoo moja tu ya mipira. Chupa ntaleta mimi. We leta ile glavu ya zamani, usiitupe, nataka nione imetoboka wapi.

Dada yako.