Panya, matunda na uzazi wa mwanamume

Mhariri,

Habari kwamba tunda fulani "limethibitishwa" kuongeza uzazi wa mwanamume mara nyingi hutokana na majaribio ya panya. Msomaji aulize kwanza: panya walinyweshwa siku ngapi? Mbegu za kiume za panya hutengenezwa kwenye korodani kwa takriban siku 52, kisha hukomaa kwenye epididimisi (mrija uliojikunja nyuma ya korodani) kwa wiki moja hivi. Jaribio la siku 14 halipimi safari hiyo yote. Mbegu zinazohesabiwa zilikwisha kuanza kabla ya dozi.

Hata vipimo vyenyewe hudanganya. Mbegu zikiwekwa kwenye kioo cha hadubini kisichopashwa moto hadi nyuzi 37, hupunguza mwendo, na tunda likasingiziwa. Kundi linganishi, yaani panya wasiopewa tunda, nalo linyweshwe kiyeyushi kilekile (kimiminika kilichoyeyushia dondoo ya tunda), kwa mrija uleule.

Dozi ya miligramu 200 kwa kilo ya uzito wa mwili ni miligramu 50 kwa panya wa gramu 250. Kwa binadamu, zile 200 kwa kilo hugawanywa kwa 6.2 hivi, na hiyo ni dondoo iliyokaushwa, si glasi ya juisi.

Tena, dondoo ya mbegu za papai imepunguza mwendo wa mbegu za kiume za panya. Tafadhali, msiandike "tunda ni salama" kwa sababu tu ni tunda.

Wenu,
Watafiti wa baiolojia ya uzazi